Seremala wa Kiembe Samaki Anataka Karatasi, Hataki Pole



Wiki hii siandiki juu ya Tume ya Uchaguzi wala daftari la wapiga kura. Najua wapo watakaosema, "Dada, mbao na siasa wapi na wapi?" Nipeni dakika kumi tu. Nataka kuwaeleza habari ya fundi seremala mmoja wa hapa kwetu Kiembe Samaki, ambaye alikaribia kuiuza mashine yake ya kuranda, na kwa nini jambo hilo linatuhusu siye vijana wa upinzani.

Fundi huyo ni ami yangu, ndugu yake baba. Nalisema mapema ili baadae mtu asije akasema nimepitisha tangazo kwa mlango wa nyuma. Ndiyo, nampigia debe. Lakini sitamtaja jina wala sitaweka namba yake, kwa sababu yaliyomkuta yeye yamewakuta mafundi wengi, na dawa yake ni moja.

Kiwanda chake ni banda la bati na nguzo za mvinje, ndani kidogo ya barabara ya Uwanja wa Ndege. Ukishuka kwenye daladala ya 505 ukafuata uchochoro, utasikia msumeno kabla hujaliona banda. Ana mashine moja ya kuranda, msumeno wa umeme, jiriwa mbili, na sanduku la patasi alilorithi kwa aliyemfundisha kazi. Ana vijana wawili. Mmoja alimaliza Kituo cha Mafunzo ya Amali Mwanakwerekwe, mwengine alikuja akiwa hajui hata kushika randa, na leo anaunga ulimi na tundu bila ya msumari mmoja na kitu hakichezi.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Nyumba moja ya wageni, ambayo sitaitaja, ilimuagiza vitanda 14. Bei walikubaliana shilingi 650,000 kila kimoja, jumla 9,100,000. Walimpa milioni nne za kuanzia. Ami akanunua mbao, akafanya kazi usiku na mchana, akapeleka vitanda vyote kwa gari ya mizigo ya kukodi. Wakamuongeza 1,500,000. Zikabaki 3,600,000. Akaambiwa, "Njoo wiki ijayo." Wiki ijayo ikawa mwezi, mwezi ukawa miezi mitatu. Mara msimamizi akabadilishwa. Yule mpya akamuuliza, "Makubaliano yako wapi, mzee? Mie naona rangi hii siyo tuliyoitaka."

Makubaliano hayakuwepo. Yaani yalikuwepo, lakini ya mdomo. Kulikuwa na ujumbe wa sauti katika simu, na simu yenyewe ilishaingia maji.

Siku aliyonieleza, nilikuwa nimetoka darasani. Nimesoma sheria ya mikataba mwaka mzima. Nimefanya mtihani wake, nimefaulu. Na muda wote huo ami yangu, ambaye kiwanda chake nakipita kila asubuhi nikienda kupanda gari, anachukua kazi ya milioni tisa bila ya hata kipande cha karatasi, na mie sikuwahi kumuuliza. Niliona haya, wallahi.

Hebu tufanye hesabu, maana watu wengi wanadhani seremala ana faida ya kupindukia. Nilikaa naye na daftari tukakipigia hesabu kitanda kimoja. Mbao 330,000. Gundi, misumari, msasa, vanishi na bawaba 70,000. Ujira wa vijana wawili 120,000. Kodi ya banda, umeme na usafiri, fungu lake 60,000. Jumla 580,000. Kwa hiyo katika 650,000 anabakiwa na 70,000. Kwa vitanda 14 ni 980,000. Sasa mtu akikudhulumu 3,600,000, hakuchukua faida yako tu. Amechukua faida yote, na juu yake ameondoka na 2,620,000 za mtaji. Ndiyo maana mashine ya kuranda ilitaka kuuzwa. Muuza mbao naye anadai chake, na vijana wawili wana wazee wao nyumbani.

Nilimuuliza, "Ami, kwa nini hukuandikishana?"

Akanijibu, "Mwanangu, mie najua mbao, sijui karatasi. Na ukimtolea mtu karatasi ataona humuamini, ataondoka aende kwa mwengine."

Hapo ndipo penye shina la tatizo, na ndipo penye kazi yetu vijana.

Kwanza niseme kisheria, kwa lugha nyepesi. Sheria yetu ya Mikataba ya Zanzibar, Sura ya 149, imetokana na ile Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Chini ya sheria hiyo, makubaliano ya mdomo ni mkataba halali, ikiwa pande mbili zimekubaliana kwa hiari, zina akili timamu na umri wa kisheria, kuna malipo au kitu cha kubadilishana, na jambo lenyewe ni halali. Kwa hiyo yule anayemwambia fundi "hatukuandikishana, huna haki" anamdanganya. Haki anayo. Anachokosa ni ushahidi wa kuithibitisha. Anatakiwa kuthibitisha bei, idadi, rangi na siku ya malipo, na kila kimoja kinahitaji kitu cha kuonesha au mtu wa kusema "nilikuwepo".

Mie si wakili. Bado ni mwanafunzi, sina ruhusa ya kumsimamia mtu mahakamani. Lakini mtoto wa ndugu anaweza kumsaidia ami yake kuandika barua. Tukaandika barua ya madai, saini ikawa yake. Tukamtafuta dereva aliyepeleka vitanda, akakubali kusema ni vingapi na vilipokelewa na nani. Tukatafuta karatasi za kununulia mbao. Tukaeleza siku ya mwisho ya kulipa na kwamba baada ya hapo tutakwenda mbele. Matokeo? Wamelipa milioni moja kwa mafungu mawili. Bado 2,600,000. Shauri linaendelea, na mashine ya kuranda bado ipo bandani. Siwezi kusema tumeshinda.

Lakini tangu siku ile hakuna kazi inayoanza katika banda lile bila ya karatasi. Ni ukurasa mmoja, nakala mbili. Ndani yake mna jina la mteja, kitu gani, vipimo, mbao ya aina gani, rangi, bei, malipo ya kuanzia, siku ya kumaliza, nani analipa usafiri, na lini salio linalipwa. Pande zote mbili zinatia saini, halafu kijana anaipiga picha kwa simu na kuituma kwa mteja hapo hapo. Ami alikuwa na khofu watu watakimbia. Hakukimbia hata mmoja. Bibi mmoja aliyekuja kuagiza kabati la mwanawe alisema, "Alhamdulillahi, leo nimempata fundi atakayeniandikia siku." Maana na wateja nao wana kilio chao.

Na hapa lazima tuseme ukweli hata kama unauma. Mafundi wetu wana maradhi ya "kesho". Unaagiza kitanda cha harusi, unaambiwa kitakuwa tayari kabla ya mfungo mosi, mfungo mosi inaingia na harusi zinapigwa, kitanda bado ni mbao zimeegemezwa ukutani. Mwengine anafanyia kazi mbao mbichi, mlango unapendeza siku ya kwanza, baada ya miezi mitatu umepinda, komeo haliingii. Mteja aliyefanyiwa hivyo mara mbili anakwenda zake dukani kununua kabati la unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, limetoka China ndani ya boksi, na huwezi kumlaumu. Analiona, analipa, linapelekwa leo leo. Likilowa maji linavimba kama andazi, lakini hilo atalijua baadae.

Kwa hiyo ukiniuliza biashara ndogo ya useremala inatangazwa vipi, jibu langu la kwanza si picha. Ni siku. Fundi aseme siku ya kweli, aongeze siku tatu za dharura ya umeme, halafu aitimize. Akiona atachelewa, apige simu yeye kabla hajapigiwa. Kwa mtaa kama wetu, habari ya fundi anayetimiza siku inafika Chukwani na Mbweni kabla ya jua kuzama.

Picha ni ya pili. Vijana wengi tunazo simu nzuri na tunazitumia kupiga picha chakula. Nenda kiwandani kwa fundi wa mtaani kwenu asubuhi, jua likiwa halijawa kali. Futa vumbi. Kitoe kitu nje, mbali na takataka za randa. Piga picha nzima, halafu sogea upige pale mbao zinapoungana, maana hapo ndipo kazi ya mkono inapoonekana na kabati la boksi haliwezi kushindana. Andika chini: kitanda cha sita kwa sita, mbao ya mninga au ya mfenesi, bei hii, siku hizi. Usiandike "bei njoo faragha". Mtu anayeficha bei anafukuza wateja wenye haya, na wateja wengi wana haya.

La tatu ni daftari. Ami alikuwa anaweka hesabu kichwani kwa zaidi ya miaka ishirini. Tulipoandika ndipo alipogundua kwamba milango ya fremu inamlipa kuliko vitanda, na kwamba meza moja ya kusomea aliyokuwa akiitengeneza kwa sababu watu wanaipenda ilikuwa inamtia hasara kila alipoiuza. Daftari hilo hilo ndilo utakaloulizwa ukienda kuomba mkopo, iwe benki au kwenye Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA.

La nne ni jina. Biashara isiyosajiliwa haina mlango wa kuingia katika zabuni. Usajili wa jina la biashara unafanywa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Halafu kuna leseni, na kuna namba ya mlipa kodi. Najua mafundi wanaogopa, wanadhani wakijiandikisha wamejipeleka wenyewe kwa mtoza kodi. Lakini bila ya karatasi hizo utabaki kuwa fundi wa kazi za kuitwa, na wenye karatasi watachukua kazi kubwa kisha waje wakuajiri kwa kibarua uwafanyie.

Sasa tuje kwenye siasa, maana najua mlikuwa mnangojea.

Jimbo letu limewahi kuwa habari ya nchi nzima. Agosti 2013 CCM ilimfukuza uanachama Mwakilishi wa Kiembesamaki, Mansoor Yussuf Himid, na tarehe 2 Februari 2014 ukafanyika uchaguzi mdogo. Nilikuwa mtoto wa skuli, nakumbuka magari ya vipaza sauti yanavyopita. Uchaguzi ukesha, magari yakaondoka. Mafundi wakabaki na randa zao pale pale walipokuwa. Ninalosema ni kwamba kura ni muhimu, tena sana, lakini kijana wa mtaani atatuamini siku ya kura kama alituona siku ambayo hapakuwa na kura.

Angalieni hali ilivyo. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773, kutoka 1,303,569 wa mwaka 2012. Watu laki tano na themanini na zaidi wameongezeka kwa miaka kumi. Kila familia mpya inataka mlango, dirisha, kitanda. Watalii walioingia Zanzibar mwaka 2023 walipindukia 638,000. Wengi wanatua hapa hapa jirani yetu, Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, wanapita barabarani kwetu na mabegi yao kwenda Mji Mkongwe kupiga picha milango.

Ndiyo, milango. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na milango ile ya nakshi, yenye minyororo pembeni, mayungiyungi, mitende na vichwa vya shaba, ni katika mambo ya mwanzo yanayooneshwa kwa mgeni. Ni kazi ya maseremala. Mgeni anaupiga picha mlango uliochongwa na fundi wa hapa, halafu mara ngapi anakwenda kulala juu ya kitanda kilichokuja kwa kontena? Na tarehe 25 Disemba 2020 ilipoanguka sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la Sultan Barghash la mwaka 1883, tuliona sote kwamba urithi unahitaji mikono ya kuutunza. Mikono hiyo inalelewa katika mabanda kama ya ami yangu. Banda likifungwa, yule kijana aliyejifunza ulimi na tundu anakwenda kuendesha bodaboda, na elimu ile haimfikii mwengine.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayotaka tuyadai, na wawakilishi wetu wayapeleke Barazani.

Moja, zabuni za samani za skuli, hospitali na ofisi za umma zigawiwe mafungu madogo. Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma ipo, Namba 11 ya 2016. Madawati elfu tano katika fungu moja hayawezi kufanywa na banda la watu watatu. Madawati mia moja yanawezekana, na viwanda vitatu vya jirani vikiungana wanaweza kuchukua mia tatu.

Mbili, serikali na taasisi zake zimlipe fundi kwa siku iliyoandikwa. Fundi mdogo hana pumzi ya kungojea miezi sita.

Tatu, mwekezaji wa hoteli anapopewa misamaha ya kodi ya kuingiza vifaa, tuulize: je, vimo vitanda, meza na makabati ambayo yanaweza kutengenezwa hapa? Kama vimo, basi fundi wa Kiembe Samaki anayelipia kodi kila kopo la vanishi anashindanishwa na kitanda ambacho hakikulipiwa. Orodha iwekwe wazi tuisome.

Nne, mbao. Tuna Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996, na kukata na kusafirisha mbao kuna vibali vyake. Mimi nauunga mkono utaratibu huo, kwa sababu kisiwa ni kidogo na tukiukata msitu wa leo watoto hawatakuwa na kitu. Lakini mbao zetu nyingi zinatoka Bara, zinapita mikono mingi na vibali vingi, na bei inapanda kila mkono. Liwekwe ghala moja la mafundi lenye mbao halali, na tanuri la kukaushia ambalo kila fundi anaweza kulipia kwa siku. Hilo peke yake litamaliza nusu ya ugomvi wa milango inayopinda.

Tano, mikopo. Dirisha la mkopo lisijue rangi ya kadi ya mtu. Majina ya vikundi vilivyopata yatangazwe shehia kwa shehia. Anayepata kwa haki hana cha kuficha.

Na sisi wenyewe je? Hapa natafuta ugomvi kidogo na wenzangu. Upo mtindo katika siasa zetu, vyama vyote, wa kumwendea fundi na kumwambia, "Tutengenezee jukwaa, ni mchango wako kwa chama." Yule fundi anaona haya kukataa. Anatoa mbao zake, anatoa siku mbili, mkutano unakwisha, jukwaa linabaki uwanjani linaliwa na mvua. Halafu tunapanda juu ya jukwaa hilo hilo kusema serikali inawanyonya wanyonge. Vijana wenzangu, tulipe. Kama hatuna pesa, tukae chini. Barza za wazee wetu hazikuwa na jukwaa na watu walisikiliza.

Mwisho, nina ombi la kazi. Kila mmoja wenu ana fundi mtaani kwao: Tomondo, Mwanakwerekwe, Magomeni, Nungwi kwa mafundi wa vyombo, Wete, Chake. Wiki hii mwendee mmoja. Usiende na fulana ya chama. Nenda na simu na daftari. Mpigie picha tano, mkae mpige hesabu ya kitu kimoja, na mwandikie ile karatasi ya ukurasa mmoja kwa mkono kama huna mashine ya kuchapia. Kwa wasichana wenzangu, msiogope kuingia kiwandani. Siku ya kwanza vijana watacheka, siku ya pili watakuletea kiti.

Ami kanambia nisiondoke bila ya kusema kuwa wiki ijayo anamaliza kabati la milango mitatu la mbao ya mninga, na siku yake imeandikwa: Alkhamisi, baada ya alasiri. N'takuwepo pale saa kumi kuangalia.